Je, Wajua? Uzito wa Ndama Huanzia kwa Mama Chotara

Ndama wa nyama aliyezaliwa na wazazi wa koo mbili tofauti kwa kawaida hukua haraka kuliko wastani wa koo hizo. Kwa ndama mwenyewe faida si kubwa: takriban asilimia 5 ya uzito anapoachishwa kunyonya. Faida kubwa iko kwa mama. Mtamba chotara hupevuka mapema, hushika mimba kwa urahisi, na akizaa hutoa maziwa mengi. Ndama wake hubanduka kwenye chuchu tumbo likiwa ngoma. Majaribio ya Nebraska, Marekani, kwa ng'ombe wa Hereford, Angus na Shorthorn yalionyesha kuwa uchotara wa mama na ndama kwa pamoja huongeza kilo za ndama walioachishwa, kwa kila jike aliyepandishwa, kwa asilimia 23 hivi. Zaidi ya nusu ya ongezeko hilo ilitoka kwa mama. Zebu kama Boran akichanganywa na ng'ombe wa Ulaya, faida huzidi, maana nasaba zao ziko mbali. Ila chotara hao wakipandishwa wao kwa wao, nusu ya faida hiyo hupotea katika kizazi kinachofuata.