Je, Wajua? Baiskeli Iliyosimama Nayo Ina Kilomita Zake

Baiskeli nyingi zinazopanda na kushuka vilima vya Kasulu na Kibondo ni za mtindo ule ule wa zamani: fremu nzito ya chuma, magurudumu ya inchi 28, keria imara nyuma, na stendi ya miguu miwili inayoinua gurudumu la nyuma kutoka ardhini. Stendi hiyo iliwekwa ili baiskeli isimame wima wakati mzigo unafungwa. Fundi naye huitumia kwa kazi yake. Akitaka kukagua cheni, hushika pedali kwa mkono, huizungusha kwa nguvu, na gurudumu huzunguka kwa kasi huku baiskeli yenyewe haijasogea hata hatua moja.

Gurudumu hilo limetembea umbali gani?

Hesabu yake haihitaji barabara. Gurudumu la inchi 28 likivalishwa tairi lake huwa na mzingo wa takriban mita 2.2, kwa hiyo kila mizunguko 1,000 ni kilomita 2.2. Tuseme gia ya mbele ina meno 48 na friwili ya nyuma ina meno 20. Kila mzunguko mmoja wa pedali utalizungusha gurudumu mara 2.4, yaani zaidi kidogo ya mita 5. Anayepiga pedali mara 60 kwa dakika anakwenda karibu kilomita 19 kwa saa, awe kwenye lami ya kuelekea Manyovu au ameegesha barazani kwake mvua ikinyesha. Katika nyanda hizi za juu za Kigoma, mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, na barabara za vijijini hugeuka tope. Mtu anayefanya mazoezi kwa ajili ya shinikizo la damu, kisukari au goti linalopona hawezi kusubiri miezi yote hiyo njia ikauke.

Kinachohitajika ni kitu cha kuhesabu mizunguko, na kitu hicho kina historia ndefu. Mwaka 1895, Mmarekani Curtis Veeder wa mji wa Hartford alianza kuuza kihesabio kidogo cha chuma kilichofungwa kwenye gurudumu la mbele. Pini iliyokazwa kwenye spoku ilisukuma jino moja la kihesabio kila gurudumu lilipomaliza mzunguko, na tarakimu zikasogea. Hakikuwa na betri wala waya.

Baadaye ikaja mita ya sumaku, ambayo hadi leo ndiyo njia rahisi kupita zote. Sumaku ndogo hufungwa kwenye spoku. Kwenye fremu hukaa kijibomba cha kioo chenye vipande viwili vyembamba vya chuma vilivyokaribiana bila kugusana. Sumaku ikipita, vipande hivyo hugusana kwa nukta ya wakati, umeme hupita, na mita huhesabu moja. Mita za aina hii huuzwa zikiwa na waya mfupi wa kufika gurudumu la mbele. Kwa baiskeli iliyosimama hilo ni tatizo, maana gurudumu la mbele halizunguki. Dawa yake ni kuurefusha waya hadi nyuma, kazi ambayo fundi wa redio yeyote anaiweza.

Vihisi vya siku hizi vimeachana na sumaku. Ni vidude vidogo vyenye betri ya duara ya CR2032, na hufungwa kwa mpira kwenye mkono wa pedali au kwenye kitovu cha gurudumu. Ndani yake mna chipu inayohisi mwendo na mvutano wa dunia. Mkono wa pedali ukiwa juu, chipu huuhisi mvutano upande mmoja. Ukishuka chini, huuhisi upande wa pili. Badiliko hilo likijirudia, mzunguko mmoja umekamilika. Kampuni za China kama Magene, XOSS na CooSpo zimeshusha bei ya vihisi hivi hadi chini ya dola 30 kwa kimoja, na vingine hubadilishwa kazi na mtumiaji mwenyewe: leo kipime pedali, kesho kipime gurudumu.

Wengi hudhani kihisi hutuma kasi kwenye simu. Sivyo. Kwa utaratibu wa Bluetooth uliowekwa kwa vifaa vya baiskeli, kihisi hutuma namba mbili tu: jumla ya mizunguko tangu kilipowashwa, na wakati wa mzunguko wa mwisho, ukiwa umepimwa kwa vipande vya sekunde moja iliyogawanywa mara 1,024. Kugawanya ni kazi ya simu. Mfano, simu imepokea hesabu ya 4,120, kisha ikapokea 4,123, na saa ya kihisi imesogea vipande 3,072, yaani sekunde 3. Mizunguko 3 kwa sekunde 3 ni mizunguko 60 kwa dakika. Uzuri wa mpangilio huu ni kwamba ujumbe mmoja ukipotea hewani hakuna kinachoharibika, kwa sababu ujumbe unaofuata hubeba jumla yote. Saa hiyo ya kihisi ni fupi: ikifika sekunde 64 hurudi sifuri na kuanza upya, na simu inajua kufidia.

Anayenunua aangalie jambo moja kabla ya kutoa fedha. Vihisi huzungumza kwa njia mbili za redio: Bluetooth ya nguvu ndogo, na ANT+, iliyobuniwa na kampuni ya Dynastream ya Canada ambayo Garmin iliinunua mwaka 2006. Simu nyingi za bei nafuu hazina ANT+. Bluetooth ya nguvu ndogo, kwa upande wake, imo kwenye Android tangu toleo la 4.3 la mwaka 2013, kwa hiyo karibu kila simu janja inayouzwa leo inaipokea. Kihisi chenye njia zote mbili hakimwangushi mtu.

Asiye na kihisi kabisa hakosi pa kuanzia. Chuo Kikuu cha RWTH Aachen cha Ujerumani kilitoa mwaka 2016 programu ya bure iitwayo phyphox, inayosoma vihisi vilivyomo tayari ndani ya simu. Simu ikiwekwa kwenye mfuko wa suruali, juu ya paja, mchoro wa mwendo hupanda na kushuka kila mguu unapozunguka. Programu hiyo ina sehemu inayoonyesha ni mara ngapi mwendo unajirudia kila sekunde. Kilele kikitokea kwenye hezi 1, mguu unazunguka mara 60 kwa dakika. Kikihamia hezi 1.5, umefika 90. Kazi hii haili bando.

Hata hivyo, kuhesabu mizunguko hakutoshi. Gurudumu lililoinuliwa na stendi linazunguka hewani, halina mzigo. Linganisha na mtu anayepanda mlima akiwa na ndizi kwenye keria. Yeye, baiskeli na mzigo wakifika kilo 120, mlima ukipanda mita 5 kwa kila mita 100, na mwendo ukiwa kilomita 6 tu kwa saa, mvutano wa dunia peke yake unamdai karibu wati 100. Ndiyo maana wengi hushuka wakasukuma. Kwenye stendi, mtu huyo huyo anaweza kuandikiwa kilomita 20 kwa saa huku moyo haujashtuka. Kilomita ni za kweli kwa gurudumu lakini hazisemi chochote kuhusu kazi ya misuli.

Wapo wanaodhani dainamo itatosha kuongeza ugumu. Dainamo ya kawaida inayosuguana na tairi hutoa volti 6 na wati 3. Hata ukiongeza nguvu inayopotea kwenye msuguano, miguu hailipi zaidi ya wati chache. Mtu mzima anayeendesha kwa utulivu kwenye tambarare hutoa wati 75 hadi 100.

Ugumu wa kweli huletwa na stendi ya mazoezi, ambayo hulishika gurudumu la nyuma na kulikandamiza kwenye rola ya chuma. Rola hiyo huzuiwa na sumaku, na mafuta mazito, au na feni. Kila aina ina tabia yake. Ile ya feni ndiyo kali zaidi: ukizidisha kasi mara mbili, nguvu inayotakiwa huongezeka mara 8, kwa sababu upinzani wa hewa hukua mara 4 huku kasi yenyewe ikiwa mara 2. Fundi wa kuchomelea anayetengeneza mageti anaweza kuunda fremu ya vyuma vya pembe yenye rola, mradi ahakikishe miguu yake ni mipana na haiyumbi. Stendi ile ya kawaida ya baiskeli ilikusudiwa kubeba mzigo uliotulia, haikukusudiwa mtu anayepiga pedali kwa nusu saa.

Stendi ya mazoezi ndiyo inayofungua mlango wa kupima wati kwa bei ndogo. Kipimo halisi cha wati kilitengenezwa na mhandisi Mjerumani Ulrich Schoberer mwaka 1986. Aliweka kwenye gia ya mbele vipande vinavyohisi chuma kikipindika kidogo kila mguu unapokandamiza. Kampuni yake ya SRM bado inauza vifaa hivyo, na bei yake ni ya wenye timu na wadhamini. Watengenezaji wa programu wakapata njia ya mkato. Kama inajulikana stendi fulani hudai wati ngapi kwa kila kasi, kihisi cha kasi cha bei rahisi kinatosha, na kompyuta itasoma wati kwenye jedwali. TrainerRoad, Zwift na GoldenCheetah zote zina mbinu hiyo. Sharti lake ni nidhamu: upepo wa tairi uwe ule ule kila siku, na rola ikazwe kwa mizunguko ile ile ya skrubu. Tairi likipungua upepo, wati za kwenye skrini huwa za kubuni.

GoldenCheetah ndiyo inayowafaa zaidi watu wa mbali na miji mikubwa. Ni programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2006, hukaa kwenye kompyuta ya kawaida, na baada ya kupakuliwa haihitaji intaneti kuchambua mazoezi. Zwift, kwa upande mwingine, ni mchezo kamili wa mtandaoni wenye barabara za kuchora na washindani kutoka kila bara, na hutoza dola 19.99 kwa mwezi. MyWhoosh ya Abu Dhabi haitozi kitu, ila imejengwa kwa ajili ya mashine zinazopima wati, na inataka intaneti isiyokatika.

Usichukulie kwamba mambo haya ni ya Ulaya tu. Mashindano ya kwanza ya dunia ya baiskeli za mtandaoni yalifanyika Desemba 9, 2020 kwenye Zwift, na upande wa wanawake bingwa alikuwa Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Mwanamume aliyeshinda, Mjerumani Jason Osborne, alikuwa mpiga makasia. Wakati huo wa janga la UVIKO-19, mradi wa Amani unaowakuza waendeshaji wa Kenya, Uganda na Rwanda nao ulitumia mbio za mtandaoni kuwakutanisha vijana wake na wenzao wa nje ambao wasingeweza kusafiri kwenda kushindana nao. Fainali za dunia za mwaka 2024 zilifanyika Abu Dhabi kupitia MyWhoosh. Na Septemba 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yalikuja Afrika kwa mara ya kwanza, mjini Kigali.

Kipo kipimo kingine kisichodanganywa na tairi wala stendi: moyo. Kampuni ya Polar ya Finland, iliyoanzishwa mwaka 1977, ndiyo iliyoleta mkanda wa kifuani unaosoma umeme wa moyo na kuutuma kwenye saa bila waya. Saa za mkononi hutumia njia nyingine. Humulika ngozi kwa mwanga wa kijani, ambao damu huumeza, na hesabu hutokana na mwanga kupungua kila pigo linapopita. Mkono ukibana usukani au jasho likiwa jingi, saa hukosea zaidi kuliko mkanda. Bure kabisa ni vidole viwili kwenye shingo: hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Kanuni inayotumiwa sana tangu mwaka 2001 hukadiria kilele cha mapigo kwa kutoa asilimia 70 ya umri kutoka 208. Mwenye miaka 40 anapata 180.

Kwa mtu wa Kasulu au Kibondo mwenye baiskeli na simu tayari, mpangilio wa manunuzi unajipanga wenyewe. Kwanza stendi ya mazoezi au rola ya fundi, kwa sababu bila mzigo hakuna zoezi. Pili kihisi kimoja cha Bluetooth. Tatu mkanda wa kifuani, fedha zikiruhusu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na ya kadiri maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku 5 inatimiza kiwango cha chini. Kwa wati 100, nusu saa hiyo ni kilojuli 180 za kazi kwenye pedali, na kwa kuwa mwili wa binadamu hugeuza kuwa kazi kati ya moja ya tano na moja ya nne tu ya nishati inayochoma, mtu huyo atakuwa amechoma takriban kilokalori 180 au zaidi kidogo.

Maendeleo hupimwa kwa jaribio moja linalorudiwa. Mtu huendesha dakika 20 kwa mwendo wa mizunguko 70 kwa dakika, upepo wa tairi ule ule na mkazo wa rola ule ule, kisha huandika mapigo ya dakika ya mwisho. Baada ya wiki 6 hurudia. Mapigo yakiwa yameshuka kutoka 150 hadi 140 kwa kazi isiyobadilika, moyo sasa unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, na ni wakati wa kukaza skrubu ya rola nusu mzunguko.