Kapteni Komba, mtunzi aliyelijaza jukwaa

Onyesho lilianza jua likiwa bado kali. Kwanza bendi, ili watu waingie na kutulia. Kisha ngoma, sindimba au bugobogobo, halafu sarakasi, kichekesho, igizo na kwaya. Mwisho kabisa, usiku umeshatanda, ikaja taarabu. Saa nyingi za burudani kwa kiingilio kimoja. Hivyo ndivyo vikundi vya sanaa vya Dar es Salaam vilivyojaza kumbi na baa katika miaka ya 1990, na mkazi wa Kariakoo hakuhitaji nauli ya kwenda mbali. Alikuwa na ukumbi wa DDC mtaani kwake, na shirika hilo hilo la DDC, lililokuwa na bendi ya Mlimani Park, lilikuwa pia na kikundi chake cha ngoma, DDC Kibisa.

Ulaya na Marekani mtu anayetunga nyimbo za jukwaani ana heshima yake. Andrew Lloyd Webber wa Uingereza anajulikana hata na watu wasiowahi kukanyaga ukumbi wowote wa London. Sisi tumewagawa wasanii wetu mafungu: huyu wa kwaya, yule wa taarabu, wale wachekeshaji. Aliyeyaunganisha mafungu hayo yakawa onyesho moja hatukumpa nafasi yake. Kwa Tanzania Bara, mtu huyo ninayemweka mbele ya wote ni Kapteni John Komba. Wengi wanamkumbuka kwa nyimbo za kampeni za CCM. Ninachodai mimi ni kwamba alikuwa mtunzi wa jukwaa, na kwamba siasa ilikuwa sehemu tu ya jukwaa hilo.

Komba alizaliwa Machi 18, 1954 Lituhi, mwambao wa Ziwa Nyasa mkoani Ruvuma. Huko mtoto hukua kati ya muziki wa aina mbili. Upande mmoja zipo ngoma: kioda ya wanawake, na mganda wa wanaume, ulioshamiri baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kuiga gwaride na bendi za askari. Wachezaji wa mganda huvaa nadhifu, hujipanga safu na kupuliza vibuyu badala ya tarumbeta. Upande wa pili lipo kanisa. Wabenediktini waliweka makao Peramiho mwaka 1898, na uimbaji wa kikanisa ukasambaa kutoka huko hadi ziwani. Ukizisikiliza kwaya za Komba kwa makini utavisikia vyote viwili. Sauti zimepangwa kikanisa, lakini miguu inapiga gwaride.

Alikuwa mwalimu, kisha akawa mwanajeshi, na cheo cha kapteni hakikutoka midomoni mwa watu hata baada ya kuvua magwanda. Shule na jeshi ndiko kwaya zilikopikwa wakati ule. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, shule, viwanda, kambi za jeshi na polisi vilikuwa na kwaya zao, na Radio Tanzania ilizirekodi na kuzirusha nchi nzima. Mtunzi wa kwaya za namna hiyo hufunzwa mambo ambayo mtunzi wa dansi anaweza kuishi bila kuyajua. Maneno lazima yamfikie mtu wa safu ya mwisho. Hadithi iishe ndani ya dakika chache. Waimbaji wengi waingie na kutoka bila kugongana, na kiitikio umati uwe umekishika kinapokuja mara ya pili. Anayeyaweza hayo ameshalijua jukwaa nusu nzima, hata kama hajawahi kuigiza.

Mwaka 1992 Tanzania ilirudi kwenye vyama vingi. Mwaka huo huo CCM ikaanzisha Tanzania One Theatre, TOT kwa kifupi, na Komba akashika usukani. Hesabu ya chama ilieleweka. Kilizoea kuwa peke yake, na sasa kilihitaji watu waje kwa hiari yao. Ila mtu wa Ilala au Kariakoo halipi kiingilio ili ahutubiwe. Hotuba anaipata bure Mnazi Mmoja. Komba alilijua hilo. Akapanga onyesho ambamo mpenda dansi, mpenda vichekesho na mama wa taarabu kila mmoja alipata chake, na ujumbe wa chama ukapewa kwaya, tena kwaya iliyopigiwa magitaa na kuchezwa, isiyomwacha mtu amekaa kitako.

Mbele yake alimkuta Norbert Chenga na kundi lake la Muungano Cultural Troupe, lililokuwapo tangu miaka ya 1980 na lenye mashabiki wa damu. Jiji likagawanyika kama linavyogawanyika kati ya Simba wa Msimbazi na Yanga wa Jangwani. Silaha kubwa ya vita hivyo ilikuwa taarabu. TOT ikamvuta Khadija Kopa kutoka Zanzibar, alikokuwa akiimba na Culture Musical Club. Muungano ikasimama na Nasma Khamis, maarufu kwa jina la Kidogo. Nyimbo zikawa zinajibizana: upande huu ukitoa kijembe, mashabiki walisubiri upande wa pili ujibu, na jibu lilikuja na kiingilio chake.

Dar es Salaam ilikuwa na taarabu yake tangu zamani. Klabu za Egyptian na Alwatan zilishapambana miongo mingi kabla, kwa udi, fidla na mashairi ya kufumba, wasikilizaji wamekaa kwa adabu. TOT na Muungano walikuja na kinanda cha umeme, gitaa la besi na mwendo wa kasi, na watu wakainuka vitini. Wapo wazee wa taarabu waliosema hayo ni maangamizi. Nawaelewa, maana ushairi ulipungua uzito. Hata hivyo kuna kilichoongezeka, na hicho ndicho kinachonifanya niuone ukumbi ule kuwa ukumbi wa maigizo hasa. Mwanamke mwenye neno na shoga yake au mke mwenzake alinyanyuka wimbo wake ulipofika. Akatembea taratibu hadi mbele, kanga kiunoni, pengine pea aliyoichagua kwenye maduka ya Mtaa wa Uhuru kwa ajili ya maneno yake tu, akamtunza mwimbaji noti moja moja huku uso ameuelekeza kwa mlengwa. Ukumbi mzima ulielewa. Wimbo uliotungwa kwa ajili ya jukwaa ukawa umepata waigizaji ambao hakuna aliyewafanyisha mazoezi.

Taarabu ilikuwa na watunzi na waimbaji wake, na haitakuwa haki kumpa Komba jasho la wengine. Vyake vilikuwa kwaya na mpango wa onyesho zima. Katika kwaya ndiko alikofika mbali kuliko wote. Mwalimu Nyerere alipofariki London Oktoba 14, 1999, taifa lilikaa na redio hadi mazishi ya Butiama Oktoba 23. Maombolezo ya Komba na TOT ndiyo yaliyojaza siku zile. Kwenye maduka ya Kariakoo, kwenye daladala, majumbani, ilikuwa sauti ile ile nzito ya kiume, na nyuma yake kwaya inayoitikia kama watu waliokaa matangani. Alijua kuliliza taifa bila kuliangusha. Kila ubeti wa huzuni aliufuatisha na mdundo wa kutembea, ili watu waweze kuinuka. Hata wasiokuwa na kadi ya CCM waliimba. Kwa kipimo changu, hiyo ndiyo kazi yake kubwa.

Kuna mtu wa kumlinganisha naye. Hubert Ogunde wa Nigeria alizunguka na kikundi chake cha maigizo ya nyimbo na ngoma kwa miongo kadhaa, akijitegemea. Mwaka 1964 alitoa Yoruba Ronu, igizo lililowachoma viongozi wa Jimbo la Magharibi, na kikundi chake kikapigwa marufuku jimboni humo. Komba hakuwahi kupigwa marufuku na serikali. Alikuwa na chama nyuma yake, chombo cha kusafiria, vyombo vya muziki na wasanii waliolipwa, na kwa hayo alijenga kikundi ambacho msanii wa kujitegemea wa wakati ule angekiota tu. Bei yake ilikuwa kubwa. Igizo la TOT lingeweza kumcheka mume mlevi, mganga tapeli, hata mpinzani wa kisiasa, lakini halikuweza kuwageukia waliolilipia. Naamini kipaji chake kilikuwa kipana kuliko nafasi aliyopewa, na hilo linaniuma kila ninapozisikiliza kwaya zake za kampeni, zilizofumwa kwa ustadi kiasi kwamba zingeweza kubeba hadithi ya mtu yeyote.

Kazi hizo ziliuzwa wapi? Kariakoo. Kaseti za vikundi zilipangwa kwenye vibanda na maduka ya muziki, na karibu nazo zikapangwa zilizonakiliwa kienyeji, bei nusu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa mwaka 1999, na COSOTA, chombo cha kusimamia hakimiliki, ikaundwa 2001, wakati miaka minono ya vikundi imeshapita. Mtunzi wa London hula kwa wimbo mmoja maisha yake yote. Wa kwetu alikula kwa kiingilio cha Jumapili.

Na Jumapili zenyewe zikaanza kupungua watu. ITV ilianza mwaka 1994, na baada ya muda kundi la maigizo la Kaole lilikuwa likiigiza sebuleni mwa watu bila malipo. Kichekesho na igizo vikahamia kwenye runinga, taarabu ikajitenga na makundi yake yenyewe, vijana wakaifuata Bongo Fleva. TOT ilijitahidi: ikaimarisha bendi yake ya dansi, Achimenengule, na mwimbaji Banza Stone naye akapita humo. Katika kampeni za 2010 CCM ilikuwa na Marlaw, msanii wa Bongo Fleva, jukwaani. Komba mwenyewe alikuwa Mbunge wa Mbinga Magharibi tangu 2005, na aliendelea kuimba akiwa mbunge. Alifariki Dar es Salaam Februari 28, 2015, akazikwa kwao Lituhi.

Ukiingia mtandaoni leo utazipata nyimbo zake moja moja, zimekatwa kutoka kwenye mwili wa onyesho. Kwaya iko huku, taarabu kule, kichekesho hakimo kabisa. Onyesho halisomeki hivyo. Wapo bado waliocheza ngoma zile, walioigiza, waliopiga besi, waliokaa mlangoni wakikata tiketi, na wengine ni majirani zetu Ilala, Magomeni na Kinondoni. Vijana wa chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo na wa idara ya sanaa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wawafuate na daftari: igizo liliunganishwaje na kwaya, nani alitoa ishara ya kubadilisha fungu, nyimbo zilifundishwa kwa siku ngapi, Komba alisimama wapi jukwaani kwaya ikiimba. Kisha wachague onyesho moja la mwaka 1995 na kulipandisha upya, kuanzia bendi hadi taarabu, hapo hapo Kariakoo.