Mtoto alipodhani filamu ndiyo utoto wa mama yake

Matthew alikuwa bado mdogo alipotazama filamu ya The Sound of Music, inayohusu familia ya Austria inayowakimbia Wanazi. Baada ya hapo alitamka kwamba sasa wanajua maisha ya mama yalivyokuwa alipokuwa msichana mdogo.

Mama yake, mwandishi na mchoraji Judith Kerr, alishtuka. Ni kweli aliikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa na miaka tisa, lakini utoto wake haukuwa wa nyimbo na milima kama ule wa kwenye filamu. Akatambua kwamba asiposimulia mwenyewe, wanawe watachukua picha ya sinema na kuifanya ndiyo historia ya mama yao.

Hapo ndipo ilipotokea When Hitler Stole Pink Rabbit, riwaya ya watoto iliyochapishwa mwaka 1971 na ambayo hadi leo inasomwa na watoto shuleni Ujerumani.

Baba kitandani, simu inaita

Judith alizaliwa Berlin mwaka 1923. Baba yake, Alfred Kerr, alikuwa mhakiki maarufu wa tamthilia, Myahudi aliyewakosoa Wanazi waziwazi. Mapema mwaka 1933 alikuwa amelala kwa homa alipopigiwa simu na polisi mmoja aliyemdokeza kwamba kuna mpango wa kumnyang'anya pasi ya kusafiria. Pamoja na homa yake, alipanda treni na kuvuka mpaka.

Mama, Julia, aliwachukua watoto wawili na kumfuata Uswisi kabla tu ya uchaguzi wa Machi 5 mwaka huo. Uchaguzi ulipopita, Wanazi walifika nyumbani kwao kuzitaka pasi. Mei mwaka huohuo, vitabu vya baba vilichomwa moto hadharani. Kutoka Uswisi familia ilikwenda Paris, na mwaka 1936 ikahamia London.

Katika riwaya, Judith anakuwa Anna. Siku ya kufungasha anaruhusiwa mdoli mmoja tu. Anamchagua mbwa mpya na kumwacha sungura wake wa pinki, akijua watarudi baada ya muda mfupi. Hawakurudi. Mali zote zilichukuliwa, na sungura pia.

Vita Kuu ya Pili haijaanza ndani ya kitabu hicho, wala hakuna maiti njiani. Lakini msomaji wa miaka tisa anaelewa kabisa kilichoibwa.

Neno lililosikiwa nusunusu

Yapo mambo kwenye riwaya hiyo yanayomhusu moja kwa moja mzazi wa leo. Wakiwa Uswisi, Anna anasikia kwamba huko Ujerumani zimewekwa mark 1,000 juu ya kichwa cha baba. Hajui kwamba hiyo ni zawadi ya atakayemkamata. Kichwani mwake anaona sarafu zikimporomokea baba mpaka zinamfunika, na hofu hiyo anatembea nayo peke yake.

Watoto wengi ndivyo walivyo. Watu wazima wanapozungumza kwa sauti ya chini sebuleni, mtoto aliye chumbani hasikii yote, lakini anasikia vya kutosha. Kinachobaki anakijaza mwenyewe, na mara nyingi anachokijaza kinatisha kuliko ukweli.

Kwa upande mwingine, wazazi wa Anna hawamwambii kila kitu. Anajua kwa nini wamehama, nani anawatafuta na kwamba fedha ni chache. Mengine wanayabeba wenyewe. Judith alipenda kusimulia siku alipoitazama Paris kutoka dirishani akiwa na baba yake, akamwambia kwamba kuwa mkimbizi ni raha. Kwa mtoto yule, safari ilikuwa na maana maadamu familia iko pamoja.

Mzigo uliobaki kwa mama

Ni baadaye sana ndipo Judith alipoelewa jinsi mama yake alivyokuwa amekata tamaa miaka ile. Riwaya ya mwisho kati ya tatu alizoandika kuhusu familia hiyo, A Small Person Far Away ya mwaka 1978, inamfuata Anna aliyekwisha kuolewa, akirudi Berlin kukaa kando ya kitanda cha mama yake aliyejaribu kujiua. Vita vimekwisha zaidi ya miaka kumi, lakini bado vina mgonjwa wodini.

Anayesoma vitabu hivyo kwa mfuatano anaona pande mbili. Utulivu wa mzazi ulimpa mtoto utoto mzuri. Ila mzazi huyo naye alihitaji mtu wa kumsikiliza, na mtu huyo hapaswi kuwa mtoto wake.

Kwa nyumba zetu

Familia nyingi Afrika Mashariki zina simulizi ambazo hazijasimuliwa: babu aliyepigana vita ya Kagera mwaka 1978 hadi 1979, shangazi aliyevuka mpaka kutoka Burundi au Kongo akiwa na mtoto mgongoni. Wajukuu wanaona kovu, wanaona mzee anavyoshtuka mlango ukigongwa kwa nguvu, na hawaambiwi kitu.

Mzazi anaweza kuanza kwa kumuuliza mtoto amesikia nini tayari, kisha akarekebisha pale alipokosea. Ajibu lililoulizwa, kwa ukweli na kwa maneno mepesi, bila kueleza damu na mateso. Kitu kidogo kama sanduku, picha au wimbo wa njiani hufungua mazungumzo vizuri kuliko hotuba. Na mtoto ajue kwamba anaruhusiwa kuuliza tena kesho.

Ikiwa mtoto anaota ndoto za kutisha mara kwa mara, ameanza tena kukojoa kitandani au hataki kuachana na mzazi, na hali hiyo inaendelea kwa wiki kadhaa, apelekwe kituo cha afya. Mtu mzima anayekosa usingizi kwa kumbukumbu za vita, au anayesema maisha hayana maana, naye asaidiwe mapema bila kusubiri azidiwe.

Judith Kerr alifariki mwaka 2019 akiwa na miaka 95. Matthew, yule mtoto wa filamu, alikua na kuwa mwandishi wa riwaya za kihistoria.