Lugha mbili zizi moja: Funzo la waandishi wa Kameruni kwetu

JUZI mwanafunzi wangu wa uzamili aliingia ofisini akiwa ameshika Boi, tafsiri ya Kiswahili ya riwaya ya Ferdinand Oyono wa Kameruni. Hata kabla ya kuketi, alinitwanga swali: “Prof, hawa Wakameruni wana Kiingereza na Kifaransa kwenye katiba. Wana waandishi wa kutajika katika lugha zote mbili. Sasa mbona wanauana kwa sababu ya lugha?”

Nilimwambia aketi kwanza. Jibu la swali hilo ni refu na linatuhusu sisi pia.

Kameruni ilikuwa koloni la Ujerumani tangu 1884. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Ufaransa na Uingereza ziligawana nchi hiyo, Ufaransa ikitwaa sehemu kubwa. Upande wa Ufaransa ulijipatia uhuru Januari 1, 1960. Mwaka uliofuata, wakazi wa eneo la kusini lililokuwa chini ya Uingereza walipiga kura ya kuungana na wenzao, na Oktoba 1, 1961 shirikisho likazaliwa. Leo katiba inasema kuwa Kiingereza na Kifaransa ni lugha rasmi zenye hadhi sawa. Hata hivyo, kati ya mikoa kumi ya nchi hiyo, ni miwili tu inayotumia Kiingereza.

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Je, Wakameruni walijaribu lisilowezekana?

Bernard Fonlon hakuamini hivyo. Msomi huyu aliyewahi kuwa waziri alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Abbia, jarida la utamaduni lililoanza 1963 jijini Yaoundé likichapisha makala kwa Kiingereza na Kifaransa. Fonlon alitetea kwamba watoto wafundishwe lugha hizo mbili mapema, tangu shule ya msingi. Ningeifafanua hoja yake hivi: nchi kuwa na lugha mbili ni jambo moja, raia kuwa na lugha mbili ni jambo jingine kabisa. Serikali inaweza kupiga chapa kila hati kwa lugha mbili, ilhali kila raia anasoma ukurasa wake tu na kuuruka wa jirani. Hapo hakuna uwililugha. Kuna watu wa lugha moja moja wanaoishi chini ya paa moja.

Mfano mzuri ni wimbo wao wa taifa. Fonlon ndiye anayetambuliwa kuwa mtunzi wa maneno yake ya Kiingereza, na maneno hayo si tafsiri ya yale ya Kifaransa. Mahadhi ni yale yale, bendera inayopandishwa ni ile ile, lakini anayeimba kwa Kifaransa na anayeimba kwa Kiingereza hawatamki mawazo yale yale. Asiyejua lugha ya pili hajui mwenzake aliyesimama kando yake anaimba nini.

Sasa tutazame fasihi ilivyofanya. Mwaka wa 1964, Guillaume Oyônô-Mbia alichapisha kwa Kifaransa tamthilia ya kuchekesha kuhusu mahari, Trois prétendants... un mari. Juliette, msichana wa shule, anarudi kijijini na kukuta jamaa zake wamepokea pesa za mkulima, kisha wakapokea nyingi zaidi za mtumishi wa serikali. Yeye hakuulizwa. Juliette anaziiba pesa hizo ili kijana anayempenda azitumie kumlipia mahari. Msomaji wa Bungoma au Kisii hahitaji kuelezwa zaidi!

Oyônô-Mbia hakumwachia mtu mwingine kazi ya kuifasiri. Aliiandika upya mwenyewe kwa Kiingereza, ikatoka 1968 kwa jina Three Suitors: One Husband. Pamoja nayo ilichapishwa Until Further Notice, tamthilia aliyoianza kwa Kiingereza na baadaye akaipeleka kwenye Kifaransa. Huyu basi ni mtu aliyekuwa akivuka daraja kutoka kila upande. Tena wahusika wake ni wanakijiji wa Mvoutessi, alikozaliwa, ambako watu huzungumza Kibulu. Kifaransa na Kiingereza vyake vyote viwili vimebeba utani wa lugha ya tatu.

Lugha hiyo ya tatu ndiyo tunayoikuta pia kwa Oyono, ambaye hatufai kumchanganya na mwenzake huyu. Riwaya yake, Une vie de boy, ilitoka 1956. John Reed akaitafsiri kwa Kiingereza kama Houseboy mwaka wa 1966. Mwanzoni mwa riwaya tunaambiwa kwamba shajara ya Toundi, yule mtumishi wa nyumbani kwa Wazungu, iliandikwa kwa Kiewondo na msimulizi akaifasiri kwa Kifaransa. Hiyo ni mbinu ya kibunifu tu, lakini ina uzito. Oyono anatuonya kwamba kabla ya lugha ya mkoloni palikuwa na lugha nyingine, na kwamba yule boi aliyedhaniwa hajui kitu alikuwa akiwasoma mabwana zake na kuandika aliyoyaona.

Nikarudi kwa swali la mwanafunzi wangu. Mwishoni mwa 2016, mawakili na walimu wa mikoa ile miwili waliandamana. Walilalamika kwamba mahakama zao na shule zao zilikuwa zikiletewa mahakimu na walimu wasiokimudu Kiingereza, na mawakili wakadai sheria muhimu zitafsiriwe. Mzozo uliofuata umeua maelfu ya watu na kufunga shule nyingi. Kwa hiyo, si Kiingereza na Kifaransa vilivyogombana. Lugha zilikuwa mbili katika katiba, lakini mamlaka yalizungumza zaidi kwa moja.

Hapa ndipo tunapoingia sisi. Kifungu cha 7 cha Katiba yetu ya 2010 kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa, na kwamba Kiswahili na Kiingereza ni lugha rasmi. Kwenye karatasi, sisi pia ni nchi ya lugha mbili. Lakini sheria zetu nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, na mkulima anayetia sahihi mkataba wa mkopo aghalabu humtafuta mtoto aliyesoma amweleze kilichoandikwa. Tuna tofauti gani na jirani asiyejua mwenzake anaimba nini?

Kwa maoni yangu, tuanzie darasani. Mwanafunzi asome kazi moja katika lugha mbili, ukurasa kwa ukurasa, aone kinachovuka na kinachobaki ng’ambo. Waandishi wetu nao wathubutu kujitafsiri, kama alivyofanya marehemu Ngũgĩ wa Thiong’o alipoichukua Caitaani Mũtharabainĩ ya 1980 na kuipeleka kwenye Kiingereza. Na kwa kuwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yenye Kifaransa na Kiswahili, iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, idara za Kifaransa na za Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu ziandae pamoja watafsiri wa fasihi. Haifai kila mara tupitie Kiingereza kumfikia Mwafrika mwenzetu.

Mwanafunzi wangu alipoinuka kuondoka, nilimpa nakala yangu ya Houseboy. Nilimwagiza aisome sambamba na Boi, kisha aje aniambie ni wapi Toundi anachekesha katika kitabu kimoja na hachekeshi katika kingine. Bado namsubiri.