Glodok: Venye Tulisaka Bakmi

Kama umewahi kaa hosteli Kanairo, Indomie ilikulea. Maji moto, dakika tatu, yai kama doo iko, alafu unarudi kwa vitabu ama kwa mechi. Wengi wetu hatujawahi uliza hizo paketi zilizaliwa wapi. Ni Indonesia, na za kwanza zilianza kuuzwa 1972. Tulipoland Jakarta, mimi na beshte yangu wa Old Town, Mombasa, rada yetu ilikuwa moja: tuache paketi, tusake bakuli yenyewe, ile ya wasee wenye walivuka bahari na tambi zao kabla kiwanda chochote kijengwe.

Hiyo bakuli inaitwa bakmi. Hilo jina ni la Kihokkien, lugha ya wahamiaji wa kusini mwa Uchina. "Bak" ni nyama, "mi" ni tambi. Na hao wazee wakisema nyama, walimaanisha nguruwe. Hapo ndio msako ulianza kuwa na kona, juu beshte yangu ni Mwislamu na hana mchezo na dini yake. Tulikubaliana mapema: kila kibanda tunauliza kwanza, na mahali hawezi kudishi, ananingoja na kahawa.

Base ya bakmi ni Glodok, mtaa wa Wachina magharibi mwa Jakarta. Tulipanda TransJakarta, yale mabasi yako na njia yao wenyewe katikati ya barabara, jam ikakaa huko kando na sisi tukapita. Ukishuka, kona ya Jalan Pancoran kuna nyumba ya chai inaitwa Pantjoran, na nje wameweka meza na birika nane. Chai ni ya bure kwa kila mpita njia. Hiyo mila inatajwa na jina la Gan Djie, mkuu wa Wachina wa enzi za Waholanzi, mwenye alikuwa anatoa chai kwa wachuuzi na watu wamechoka na jua. Hakuna msee anakuuliza wewe ni wa nani. Tulikunywa vikombe viwili viwili na nikaanza kuupenda huo mtaa hata kabla sijaskia harufu ya kitunguu saumu.

Kutoka hapo unaingia Gang Gloria. Ni uchochoro mwembamba, vibanda huku na huku, mvuke juu, na watu wamekaa bega kwa bega. Humo ndani kuna Tak Kie, duka la kahawa lenye lilianza 1927, na kahawa yao ya barafu na maziwa ndio watu hufuata. Beshte yangu akashika kiti hapo. Alikuwa amefurahi sana juu ya lugha. Meza kwa Waindonesia ni meja, bendera ni bendera, na salamu ni "apa kabar", ile kabar ikiwa ndugu ya habari yetu. Meza na bendera tulichukua kwa Wareno, wao pia. Habari ni ya Waarabu. Mtu wa pwani akiskia hivyo anajua ni bahari moja.

Mimi nikaingia kibanda cha jirani. Mwenye kupika alikuwa mama wa makamo. Hapo mwanamke mwenye amekushinda miaka unamwita "Ci", mwanaume "Koh", venye sisi tungesema siz na bro, lakini na heshima juu. Ci akaniuliza swali moja tu: asin ama manis? Ya chumvi ama ya tamu?

Nikachagua asin, alafu nikasimama nicheki kazi. Mi zenyewe ni unga wa ngano, yai, na maji ya magadi, na hayo magadi ndio hufanya ziwe na mvutano kwa meno. Bakuli inaanza ikiwa haina kitu: chini anaweka mafuta ya nguruwe yenye yamekaangwa na kitunguu saumu, na sosi ya soya. Mi zinaingia maji yanachemka, hata dakika haiishi, zinatoka, zinakung'utwa maji na kurushwa ndani ya bakuli. Anazigeuza na vijiti virefu mpaka kila uzi umeshika mafuta. Juu anaweka nyama, mboga ya caisim, na pangsit, zile maandazi ndogo za unga laini zenye nyama ndani. Supu inakuja kando na kabakuli kake. Manze, hapo ndio nilielewa. Kwa bakmi, mi hazimwagiwi supu, unapiga funda katikati ya kudishi. Mi zinabaki ngumu kidogo mpaka uzi wa mwisho. Bei ilikuwa kama soo tatu za kwetu.

Sasa kitu ya maana kwa Waislamu wenzetu: kuona kuku juu ya bakuli si dhamana. Vibanda vingi vya zamani Glodok huweka kuku juu na mafuta ya nguruwe chini. Uliza. Ukisema "babi?" unajibiwa bila kuzungushwa.

Beshte yangu alipata yake nje ya uchochoro, kwa mkokoteni wa mie ayam. Hii ndio bakmi yenye ilitoka kwa Wachina ikawa ya kila mtu. Nguruwe alitoka, kuku akaingia, amepikwa na kecap manis, soya nzito yenye sukari ya mnazi ama miti ya jamii yake. Wauzaji wake wengi Jakarta ni Wajava, na Wonogiri, wilaya ya huko Java, imejulikana sana kwa kutoa hao. Alionja, akanyamaza, alafu akasema, "Ndugu yangu, utamu huu wanirudisha kwa nyanya. Tambi za futari." Hakuna iliki wala sukari ya kwetu humo, lakini nilimwelewa. Ameketi kwa stuli ya plastiki kando ya barabara, na ako nyumbani.

Tulirudi siku mbili zingine. Bakmi ya Bangka, kisiwa chenye Wachina wa Kihakka wengi, huja na tauge, chipukizi za maharagwe, na ni nyepesi. Ya mji wa Pontianak iko na kaa, na hiyo ningeirudia kesho.

Lakini ukikaa Glodok, cheki pia mabango. Mengi yenye maandishi ya Kichina yanakaa mapya kuliko ukuta yamepigiliwa. Iko sababu. Mwaka wa 1740 Waholanzi na watu wao waliua Wachina wa huu mji, wanakadiriwa 10,000, na wenye walibaki wakasukumwa nje ya kuta, hapa Glodok. Mwaka wa 1967 serikali ya Suharto ilipiga marufuku sherehe za Kichina hadharani, na maandishi yao yakapotea barabarani. Mei 1998 maduka ya hapa yaliporwa na kuchomwa. Ile amri ya 1967 iliondolewa 2000 na Rais Abdurrahman Wahid, mwenye alikuwa shehe na kiongozi wa Nahdlatul Ulama, jumuiya ya Waislamu, na kutoka 2003 mwaka mpya wa Kichina ni sikukuu ya taifa. Kwa hiyo miaka, majina yalibadilishwa na mabango yakashushwa. Mi ziliendelea kuchemka, mtoto akishikia mzazi sufuria.

Ndio maana nakuomba, ukipata nafasi ya kufika Jakarta, usimalizie siku zako kwa mall. Enda Glodok asubuhi, juu wengi hufunga mapema. Salimia Ci ama Koh kwanza. Kama unadishi kila kitu, agiza asin, na supu uiwache kando. Kama unataka halali, mkokoteni wa mie ayam uko hapo nje, na bakuli yake haijashindwa na yoyote huko ndani.