Viti vya Sebule katika Nyumba ya Kupangisha

Wasikilizaji, mtu apangishaye nyumba pamoja na vyombo vyake hununua viti ambavyo hatavikalia yeye mwenyewe. Basi asitazame uzuri wa dukani tu, bali awafikiri watu asiowajua watakaovikalia mwaka baada ya mwaka.

Tuchukue nyumba ya pwani, ya Mombasa au Unguja. Hewa ya chumvi hula chuma, na unyevu huingia katika kochi lenye mito iliyopigiliwa, likanuka uvundo, wala mito hiyo haianikiki. Afadhali kiti cha mbao chenye mito ya kutolewa na foronya za kufuliwa. Mbao ziwe za mvule au mninga, kwani mchwa hawazipendi sana. Msunobari huutafuna upesi. Kiti cha henzirani ni chepesi, tena hupitisha hewa, lakini msuko wake ukikatika mahali pamoja huendelea kufumuka.

Na kunguni je? Hujificha katika mishono na viungo vya mbao, na mpangaji mmoja huweza kuwaachia wenziwe watakaomfuata. Kwa hiyo kiti kilichokwisha kutumika kichunguzwe nje, juani, kabla hakijaingia ndani.

Kikalio kiwe na kimo cha sentimita 45 hivi, maana mzee akizama katika kochi la chini hupata taabu kuinuka. Pimeni na mlango pia: nimepata kuona kochi zuri likilala barazani siku mbili, mlango umelikataa.

Mpangaji aingiapo, andikeni viti vyote, pamoja na kila doa na kila mguu uliolegea, mtie sahihi nyote wawili, ili amana isilete ugomvi siku ya kuhama.