THAMANI YA KIWANJA KANDO YA ZIWA

Mtu atakaye kununua kiwanja Kisumu, au pwani ya ziwa kuelekea Dunga, huonyeshwa karatasi ya mthamini yenye bei na mhuri. Kwanza na ajue ni nani aliyeilipia. Mthamini wa muuzaji si lazima awe mwongo, lakini mnunuzi siye aliyemtuma. Kwa Sheria ya Wathamini ya Kenya, kazi hiyo ni ya wale walioandikishwa na bodi yao. Basi jina lake litafutwe katika orodha.

Kisha itazamwe tarehe. Mthamini aliyefika wakati wa kiangazi huenda aliona nchi kavu tu. Mwaka 1964 ziwa lilipanda sana, na Mei 2020 maji yalifikia kimo kile tena, yakaingia mashambani na majumbani. Ikiwa karatasi haitaji maji hayo, bei yake haitegemeki. Wazee wa mahali wajua yalikofika. Waulizwe, nao hawatozi ada.

Tena bei ilinganishwe na ya viwanja vya jirani vilivyouzwa kweli, si vilivyotangazwa tu. Hati nayo ichunguzwe katika ofisi ya ardhi, kwa maana mthamini hukadiria kile alichoonyeshwa, na pengine alionyeshwa kiwanja cha mtu mwingine.